Tulipaka Rangi, Hatukutengeneza



Juzi kwenye kundi letu zilipita picha za Land Rover nyekundu, iko mbele ya msafara wa ndoa pale Goma. Maua juu ya kapo, utepe mweupe kwenye bampa, na gari yenyewe inang'ara mpaka unaweza kujitazama ndani yake na kuchana nywele. Wengi mlibonyeza moyo. Mmoja aliandika: "Vitu vya wazee njo vya kweli!" Mwingine aliomba namba ya garaje. Mimi nilinyamaza siku mbili nzima, sababu ile gari ni ya kwetu. Imetoka Nyamitaba. Na hii mikono inayowaandikia leo ndiyo iliyoshika msasa.

Basi leo ninaikosoa ile kazi. Sitaji fundi wala garaje, maana hawakutuibia kitu: walifanya tulichowaomba. Ninakosoa kazi yenyewe, na mimi nimo ndani yake. Naomba msome mpaka mwisho, hata ninyi ambao magari ya zamani hayawahusu, kwa sababu mwishoni tutajikuta tunazungumza juu ya mambo ya karatasi na kumbukumbu, na hayo yanatuhusu sisi wote wa Masisi.

Nianze na gari. Ni Land Rover Series IIA, aina iliyotengenezwa Solihull, Uingereza, kati ya 1961 na 1971. Ilifika kwetu kwa mwenye shamba mmoja, baadaye ikaingia kwenye kazi ya kushusha maziwa na maboga ya jibini toka milimani mpaka Goma: Kilolirwe, Mushaki, Sake, halafu mjini. Babu yangu alikuwa dereva wake. Miezi ya mshahara ilipozidi kurundikana bila kulipwa, akapewa gari badala ya franga. Ndivyo ilivyokuwa ya kwetu. Ilipokufa, ilikaa miaka mingi chini ya mabati, kuku wanalala ndani. Mwaka huu baba mudogo aliuza ng'ombe wawili akasema: "Tuitengeneze, irudie vile ilitoka ku kiwanda." Shikeni hiyo sentensi. Nitairudilia.

Sasa, kitu kilitokaje kiwandani? Hapa ndipo wengi wetu tunakosea. Tunafikiri gari ina rangi moja: ni nyekundu, ni ya kijani, basi. Lakini gari ikitoka kiwandani ina ngozi nyingi, na kila ngozi ina sababu yake. Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam mwezi wa 4 mwaka 1948, wakati Uingereza ilikuwa bado na njaa ya chuma baada ya vita. Kwa hiyo bodi ilitengenezwa kwa mchanganyiko wa aluminiamu unaoitwa Birmabright. Shasi na ule ukuta unaotenga injini na dereva vilibaki vya chuma. Bampa na zile kingo za juu za bodi ni chuma kilichochovywa ndani ya zinki ya moto, na kwenye gari kama ya kwetu hazikupakwa rangi kabisa: ziliachwa na kijivu chao. Wavu wa mbele vilevile. Shasi ilikuwa nyeusi. Bodi ya kwetu ilikuwa kijani kile kizito kinachoitwa Deep Bronze Green, na paa la bati lilikuwa na rangi ya chokaa yenye jina la Limestone. Injini ya petroli ya lita 2.25 ilikuwa na rangi hafifu, kati ya buluu na kijani, kama ganda la yai la bata.

Ona sasa: kwenye gari moja tu umekwisha kuhesabu ngozi tano ao sita. Na bado bolti. Bolti za kiwandani mara nyingi hazipakwi rangi ya brashi. Zinapewa ngozi nyembamba ya zinki ao kadmiamu, ao zinapikwa kwenye dawa ya fosfati mpaka ziwe za kijivu kizito ao nyeusi zisizong'ara. Kwa nini? Sababu rangi ikijaa kwenye meno ya bolti, bolti haikazi vizuri, na ukiifungua rangi yote inabanduka. Tena kuna sehemu zinazoachwa wazi kabisa, chuma kitupu, pale waya wa masi unapofungwa, kwa kuwa umeme haupiti juu ya rangi. Hakuna kilichowekwa kwa ajili ya uzuri peke yake. Kiwanda kinahesabu kila senti. Kama kimeacha kitu bila kukipaka, ujue kulikuwa na hesabu.

Sisi tulifanya nini? Tulichukua pistole na nyekundu moja inayong'ara, tukafunika yote. Bodi nyekundu. Bampa nyekundu. Wavu nyekundu. Paa nyekundu. Chini ya kapo nyekundu, "maana kwenye ndoa batu watafungua waangalie". Halafu fundi akatia verni juu ya yote, akarudi nyuma hatua tatu, akasema: "Sasa njo gari!" Na sisi, watu wa diplome, tukapiga makofi.

Nichukue makosa moja kwa moja.

La kwanza ni bampa. Rangi ya kawaida haishiki juu ya zinki kama haukuweka kwanza ile dawa ya msingi inayouma chuma. Hivyohivyo kwa aluminiamu. Sisi tulisugua kidogo, tukapaka. Mvua za kwetu mnazijua, na ukungu wa asubuhi kule juu mnaujua. Mwezi wa tatu bampa ilianza kubanduka kama ganda la ndizi. Picha mliyoiona ilipigwa upande wa kushoto. Upande wa kuume hamkuoneshwa. Na kitu kinachoniuma zaidi: zinki ile ilikaa zaidi ya miaka hamsini bila mtu kuilinda, sisi tukaikwangua ili tuweke kitu kinachodumu miezi mitatu.

La pili ni bomba la moshi pale linapotokea kwenye injini. Lile ni chuma cha kuyeyushwa, linapata joto ambalo rangi ya bodi haiwezi kulivumilia hata kidogo. Siku ya ndoa, kabla ya kufika kwenye ukumbi, moshi ulitoka chini ya kapo na harufu ikaingia mpaka kwa bibi arusi. Watu walifikiri gari inaungua. Ilikuwa rangi yetu tu inapikwa.

La tatu, mipira. Pistole haichagui. Mipira ya milango na mirija ya maji ilipata rangi pamoja na dawa ya kuyeyushia. Leo imekauka, imepasuka.

La nne ni kile kibamba kidogo chenye namba ya gari. Kilifunikwa pamoja na vingine. Mtu akitaka kulinganisha gari na karatasi zake, lazima akwangue kwa ukucha. Katika nchi ambamo karatasi ya kitu ina thamani kuliko kitu chenyewe, sisi tulipaka rangi juu ya namba!

Nimezungumza na wenzangu wawili watatu juu ya haya, wakanijibu, na majibu yao yana uzito. Nisiyafiche.

Wa kwanza alisema: "Ndugu, wewe unataka mambo ya wazungu wenye franga. Kadmiamu utaipata wapi Goma?" Kweli. Na hata ukiipata, usiitake: kadmiamu ni sumu, na Ulaya yenyewe imeibana sana. Lakini tufanye hesabu. Kuacha bampa na kijivu chake kunagharimu nini? Hakuna. Kuacha bomba la moshi bila rangi? Hakuna. Kufunika kibamba cha namba kwa kipande cha karatasi na utepe wa kunata? Hakuna. Kufungua wavu, kuuosha kwa sabuni na brashi, kuurudisha? Asubuhi moja. Sehemu kubwa ya usahihi ilikuwa bure. Tulilipa ili tukosee. Nyekundu ile iliyomwagwa mahali pasipohitaji ililipwa na nyama ya ng'ombe.

Wa pili alisema: "Watu wanapenda kung'ara. Gari ni ya ndoa, si ya makumbusho." Hapa naomba nitembee nanyi mpaka Nairobi. Kule, tangu 1970, klabu ya wenye Alfa Romeo inaandaa mashindano ya uzuri wa magari, Africa Concours d'Elegance, kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong. Watu wanakuja na kofia na watoto, kama ndoa tu. Lakini waamuzi hawaishii kwenye bodi. Wanachungulia injini, wanainama wanaangalia chini. Kwa hiyo kung'ara na usahihi si maadui. Gari inaweza kupendeza bila kudanganya. Hata kijani cha bronzi kikipigwa vizuri, na paa la rangi ya chokaa juu yake, na bampa ya kijivu mbele, ni nguo ya sherehe kabisa. Tena ni nguo yake mwenyewe.

Mfano mwingine mnaweza kuutafuta kwenye picha. Mwaka 1971 Safari Rally ya Afrika Mashariki ilishindwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller ndani ya Datsun 240Z. Gari ile ni nyekundu, lakini kapo yake ni nyeusi isiyong'ara. Ile nyeusi si pambo: inazuia jua lisiruke toka kwenye kapo na kumpiga dereva machoni. Mtu akija leo akapaka kapo ile nyekundu yenye verni "ili ilingane", ataona ameipendezesha, kumbe ameondoa kazi yake. Na Nissan inaitunza gari hiyo Japani, mikunjo ya rally ikiwa bado kwenye bati. Wangeweza kuinyoosha kwa siku mbili. Waliiacha, maana mikunjo ile ndiyo Safari yenyewe.

Hapo ndipo nafika kwenye kosa la tano, ambalo ni langu mimi.

Mtu akisoma mpaka hapa atasema: basi, huyu anataka kila kitu kirudie vile kilitoka kiwandani. Na mimi nilifikiri hivyo kwa wiki nyingi. Kuna shule nzima ya watu wa namna hiyo. Marekani kuna chama cha wanaotengeneza Corvette za zamani, National Corvette Restorers Society, kilichoanzishwa 1974. Kwao gari inahukumiwa kwa kulinganishwa na vile ilivyotoka kiwandani, si vile wewe ungependa iwe. Ukiweka mng'aro kuliko ule wa kiwanda, unapoteza pointi. Hata alama za chaki za wakaguzi wa kiwandani zinatafutwa zirudishwe mahali pake. Nilipojua hayo nilifurahi sana: nimepata fimbo ya kuwapigia mafundi wetu!

Lakini fimbo ile ilinigeukia. Chini ya kapo ya Land Rover ya babu, juu ya kijani cha kiwanda, kulikuwa na maandishi. Babu aliyaandika kwa brashi ndogo na rangi nyeupe, mwaka hata mwaka. Freni, tarehe. Ambreyaje, tarehe. Springi ya nyuma, Mushaki, tarehe. Hakuwa na daftari. Daftari ingelowa ao ingeibwa. Kapo haikuibwa. Mistari ilikuwa zaidi ya ishirini, mingine imefifia kwa joto. Na katikati ya freni na springi kulikuwa na mstari mmoja usiokuwa wa garaje: tarehe, na neno "mutoto". Ni usiku ule alipomteremsha bibi kwenda hospitali, wakachelewa njiani, mtoto akazaliwa ndani ya gari. Mtoto huyo ni baba mudogo.

Mimi nilikuwa ninajua ule mstari upo. Niliuona nikiwa mdogo, babu alinionesha kwa kidole. Siku ya kusugua, fundi alinipa msasa na maji akasema, "Chini ya kapo pia, paka paka paka mpaka ilainike." Nilikuwa na haraka. Nilikuwa na simu mfukoni, yenye kamera, na sikupiga hata picha moja. Nilisugua dakika arobaini. Maji yalitoka meupe, halafu ya kijani, yakaingia kwenye mfereji.

Baba mudogo hakukumbuka mpaka rangi ilipokauka. Alifungua kapo, akaangalia kile chekundu kitupu, akauliza polepole tu: "Na ile siku yangu iko wapi?" Kwenye karata yake ameandikiwa tarehe 1 mwezi wa 1, kama wengi waliozaliwa bila cheti. Nyumba ya babu iliungua wakati wa vita, na sanduku la karatasi ndani yake. Mahali pekee palipobaki penye siku ile ni chini ya kapo. Ninakumbuka mwezi. Siku, sina hakika: 17 ao 19. Namba moja imenipotea, na hakuna wa kuniambia.

Sasa ngalia, wasomaji. Kama tungefuata ile shule ya usahihi wa kiwanda, tungefanya nini chini ya kapo? Tungepaka Deep Bronze Green safi. Wakaguzi wangetupa pointi zote. Na ile siku ingepotea vilevile! Nyekundu ya fundi wetu na kijani cha Solihull vingemfuta babu sawasawa. Tofauti ni moja tu: kijani kingemfuta kwa heshima ya elimu.

Ndiyo maana nasema sentensi ya baba mudogo, "irudie vile ilitoka ku kiwanda", ilikuwa na kosa ndani yake, na sisi wasomi hatukuliona. Kiwanda kilikuwa na hiyo gari siku chache. Nyamitaba ilikuwa nayo zaidi ya miaka hamsini. Kwa nini siku chache za Solihull ziwe ukweli, na miaka yetu iwe uchafu wa kusuguliwa?

Kumbe wapo wenye magari ya zamani waliokwisha kuliwaza hilo. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lina hati yake inayoitwa Hati ya Torino, ya mwaka 2012. Kwa maneno yangu: inapendelea kutunza kuliko kufanya upya, inaheshimu alama za maisha ya gari, na inataka kila kinachobadilishwa kiandikwe. Hati haimkatazi mtu kupaka rangi. Inataka ajue kwanza anafunika nini.

Hilo ndilo ningependa tulibebe. Wewe uliyeandika TFC unalijua tayari. Ukipata barua ya zamani ya mzee ina makosa ya herufi, hauisahihishi juu ya karatasi yenyewe. Unainakili ilivyo, halafu maoni yako unayaweka pembeni. Gari ni hivyohivyo, na nyumba, na mlango wa kanisa, na kaburi.

Kwa aliye na gari ya mzee wake chini ya mabati, utaratibu wangu ni huu, na hauhitaji kiwanda. Kwanza piga picha kila upande, chini, ndani, nyuma ya viti, kabla ya maji na kabla ya msasa. Soma kila maandishi, na muite mzee aliyeijua gari akusomee. Kisha chagua mahali padogo pasipoonekana, sugua taratibu kama sarafu ya franga, uone tabaka za rangi zinavyofuatana: ya juu, ya katikati, ya kwanza kabisa. Andika. Vaa barakoa ya kweli ya kuchuja vumbi, si kitambaa tu, wakati wa kusugua, maana rangi nyingi za zamani zina risasi, na vumbi lake halitoki mwilini haraka. Baada ya hapo ndipo ugawe: hiki ni zinki, kiache; hiki kinapata joto, kiache ao kitafutie rangi yake ya moto; hiki ni bodi yenye kutu ya kweli ao dawa iliyokufa, kipake na msingi wake unaofaa. Na kile kilichoandikwa na mkono wa mtu, kizungushie utepe, pistole isikifikie.

Gari yetu bado ina sehemu moja ambayo nyekundu haikuingia: nyuma ya kiti cha dereva, chini ya kifuniko. Pale pana kijani cha kiwanda, juu yake nyeupe ya wakati fulani ambao hakuna anayeujua nyumbani, na namba mbili za babu kwa brashi, ambazo bado hatujui maana yake. Juma lililopita fundi alijitolea kutumalizia pale bure, ili kazi iwe kamili. Baba mudogo alimshukuru, akamwambia: "Hapana, pale uache."

Bampa tutaikwangua. Wavu tutaurudisha kijivu. Bodi itabaki nyekundu mpaka ng'ombe wengine wazaliwe.

Kwa wale walioomba namba ya garaje: nitawapa, fundi ana mkono mzuri kweli. Lakini nendeni na picha zenu mkononi, mumwambie wenyewe mahali pa kusimamia. Na kama kuna mtu wa Nyamitaba ao Kitchanga, mkubwa kwa umri, anayekumbuka usiku mtoto alizaliwa ndani ya Land Rover ya maziwa, naomba aniandikie. Ninatafuta namba moja tu.